Ekipe Yetu Isiende Kulala Luilu



Sisi makapita wa darasa la mwisho tunaandika neno ambalo kila mtu analisema nyuma ya kapela, kwenye foleni ya maji na ndani ya taksi-bisi, lakini katika gazeti letu bado halijaandikwa. Siku ya posho ya juma lijalo komite ya wazazi itakaa pamoja na Direksyo ili kujibu barua ya mfadhili. Barua ile haikusomwa mbele yetu, lakini wote tunaijua, sawa vile tunajuaka alama za watu kabla ya buletini kutoka. Inaomba ekipe yetu ya kabumbu ichukuliwe tangu sasa mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Ikalale upande wa Luilu karibu na kiwanja chake, ikule kule, ifanye mazoezi asubuhi na jioni, na iletwe darasani kwa kamyoneti. Yeye atatoa mayo mpya, viatu, mipira sita, na bukari na nyama mara tatu kwa juma. Jina la duka lake litaandikwa kifuani, na jina la shule litaandikwa mgongoni kama kitambaa kitatosha. Hayo ya kitambaa ni maneno yetu, si ya barua.

Wengi walipiga makofi waliposikia neno nyama. Hatuwacheki. Sisi pia mwaka huu tumekula bukari na sombe siku nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Lakini kwa barua ile tunasema hapana, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho kabla ya kutuita watu wa wivu.

Kwanza tukumbushane namna tulivyofika hapa. Kiwanja chetu kilikuwa nyuma ya shule, kati ya kapela na barabara ya udongo. Hakikuwa kizuri. Karibu na goli la upande wa jua kulikuwa na kichuguu. Kila mwaka tulikikata, na kila mvua kilirudi, na mchezaji mgeni asiyekijua alianguka pale pale, nasi tukapata mpira. Mwaka jana katika mwezi wa saba wakaja watu na nguzo za chuma na waya. Tukaambiwa chini ya kiwanja kuko mawe. Katika Kolwezi chini ya kila kitu kuko mawe. Mtaa wa Kasulo wote tunaujua: tangu mwaka 2014 watu walichimba kobalti katika viwanja vya nyumba zao, hata ndani ya vyumba vya kulala, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikabomolewa na kuzungushwa ukuta. Basi kiwanja cha watoto wa shule ni nini?

Nguzo zikasimama. Na tuseme ukweli wote. Ilikuwa vakansi, kazi ililipwa kila jioni, na vijana wapatao kumi na wawili wa shule hii walibeba zile nguzo kwa mabega yao. Mmoja wa sisi tunaoandika hapa alikuwa kati yao. Pesa ile ilinunua madaftari na viatu vya Septemba. Hakuna mtu aliyeuliza waya unakwenda kufunga nini, juu kila mtu aliona. Kwa sababu hiyo hatutapiga kelele katika karatasi hii. Tutasema kwa sauti ya kadiri.

Tangu Septemba ekipe inafanya mazoezi Luilu mara tatu kwa juma. Kwa mguu ni mwendo wa saa mbili. Kamyoneti inachukua wachezaji na mwalimu wa mazoezi tu, wengine hakuna nafasi. Mafuta yakikosekana wanarudi kwa mguu, wanaingia kwenye dortwari saa mbili ya usiku, na bukari imekwisha kuwa jiwe. Asubuhi wanasinzia kwenye hesabu. Wawili kati yao ni wafinalisti, wataketi Egzetat pamoja nasi, na alama zao za kipindi cha pili waalimu wanazijua. Hilo hatutalirefusha, kwa kuwa Bwana Prefe amekwisha kulisema mbele ya bendera.

Jambo linalotuuma zaidi lilitokea katika mechi ya mwezi wa kumi na moja. Mnakumbuka. Ekipe iliingia kiwanjani na upande wetu ukanyamaza sawa kwenye matanga. Hakuna ngoma, hakuna wimbo. Na goli la kwanza la wageni lilipoingia, wadogo wa darasa la nane wakacheka, mmoja akapaza sauti: "Ile ekipe haiko tena ya kwetu. Bale beko ba Luilu. Ni bakimbizi!" Kapteni wetu alisikia. Tangu siku ile jina limewashika, "bakimbizi ba Luilu", hata kwenye mstari wa kuingia darasani wanaitwa hivyo.

Katika mstari huo huo kuko mwenzetu mmoja ambaye hakucheka. Alifika hapa mwaka 2025 na mama yake na wadogo wake, baada ya Goma kutekwa mwezi wa kwanza wa mwaka ule. Hatutaji jina lake, wala msimtazame. Tunaomba tu mjue kwamba lile neno mnalotupa sawa jiwe, yeye anavaa kila siku.

Neno hilo ndilo lilitufanya tutafute habari za ekipe iliyokimbia kweli, tena ekipe kubwa, na tukaipata karibu kuliko tulivyofikiri. Ni Al-Hilal ya Omdurman, katika nchi ya Sudan.

Baba zetu wanaijua sana. Mwaka 2009, katika nusu-fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, Mazembe walikwenda Omdurman wakawafunga Hilal 5-2 mbele ya watu wao. Hilal walipokuja Lubumbashi wakashinda 2-0, na mtu yeyote wa Katanga aliyekuwa na umri wa kusikiliza redio anakumbuka namna moyo ulivyodunda siku ile. Mabao ya Omdurman yalitosha, na Mazembe wakachukua kombe. Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya jirani zao Al-Merrikh, wa Omdurman vilevile: 2-1 kule, 3-0 kwetu, na kombe tena likaja Lubumbashi. Basi Hilal na Merrikh si wageni katika nyumba zetu. Wametajwa sana mezani wakati wa chakula.

Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 2023 vita vikaanza Khartoum, kati ya jeshi la serikali na kikosi kinachoitwa Msaada wa Haraka. Omdurman iko ng'ambo ya mto tu. Kabumbu ikasimama siku moja, sawa redio inapokatika. Hilal ilikuwa imeanzishwa mwaka 1930. Ilikuwa na kiwanja chake, na watu wake mamilioni, na mara mbili, 1987 na 1992, ilifika fainali ya Afrika bila kupata kombe. Vita vilipoanza ikawa haina mahali pa kupiga mpira ukutani. Kocha wake wakati ule alikuwa mtu wa kwetu, Florent Ibenge, yule aliyeifikisha Vita Club fainali ya Afrika mwaka 2014 na kuipa Leopards nafasi ya tatu mwaka 2015. Mkongomani ndiye aliyepewa kazi ya kuongoza ekipe isiyokuwa na nyumba. Tunafikiri mtu wa nchi hii hakuhitaji kufundishwa maana yake.

Wakaenda Dar es Salaam. Mechi za Afrika za msimu wa 2023–24 ambazo ziliitwa za nyumbani walizicheza kule, katika mji wa Waswahili, ng'ambo ya maziwa na milima kutoka kwao. Msimu uliofuata wakahamia mbali zaidi, Nouakchott, mji mkuu wa Mauritania, kwenye ufuko wa Bahari ya Atlantiki. Chukueni karata ya Afrika iliyo ukutani mwa darasa la historia na muweke rula. Kutoka Omdurman mpaka Nouakchott ni zaidi ya kilomita 5,000, karibu upana wote wa bara mahali lilipo pana. Hilal na Merrikh wote wawili wakaingizwa katika shampiona ya Mauritania kama wageni. Hilal wakamaliza wa kwanza. Lakini taji la nchi likabaki kwa ekipe ya wenyeji, kwa kuwa mgeni alikubaliwa kucheza, si kutawazwa.

Msimu ule ule Hilal walikuwa kundi moja na Mazembe katika Ligi ya Mabingwa, pamoja na Yanga ya Tanzania na MC Alger ya Algeria. Na nani alimaliza juu? Hilal, wenye kulala hoteli. Na nani alimaliza chini? Mazembe, wenye kiwanja chao, nyasi zao na watu wao. Tuliumia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Msimu wa 2025–26 Hilal wakahama mara ya tatu, wakaenda Kigali, na kura ikawaweka kundi moja na Lupopo yetu. Jina la Kigali tunajua namna linavyosikika katika masikio ya Mkongomani wa leo, na mwenzetu wa Goma anajua kutupita. Lakini mkimbizi hachagui sana mlango unaofunguliwa.

Sasa mtu wa busara atatuuliza: "Makapita, mumejifunga wenyewe. Kama Hilal walishinda kule mbali, juu ya nini ekipe yetu isiende Luilu ikapate nyama na nguvu?" Swali hili ni zuri na tulikaa nalo siku tatu. Jibu letu ni hili. Kucheza mbali hakuharibu mchezo wa mwaka huu. Anayepoteza ni mtoto anayesimama nyuma ya goli.

Tufafanue. Mechi mtu anaiona mara moja kwa juma, dakika 90, na mbele yake kuko vichwa vya watu. Mazoezi alikuwa anayaona kila siku. Nani kati yetu hajakaa kwenye kile kichuguu saa kumi ya jioni, na daftari mikononi, akitazama wakubwa wanarudia kona ileile mara ishirini? Mlinzi wetu wa goli wa leo, ambaye wote mnamsifu, alipokuwa darasa la saba alikuwa mwokota mipira. Hakuna aliyemwita. Alisimama nyuma ya waya wa goli, mpira ukipita juu anakimbia mpaka barabarani kuufuata, kabla kamyo haijaukanyaga, anaurudisha. Miaka mitatu aliokota mipira. Katika miaka ile alitazama miguu ya yule yaya aliyekuwa golini, namna anavyosogea kabla mpira haujapigwa. Siku yule yaya alipougua malaria, mwalimu akauliza nani anaweza kusimama golini, na mwokota mipira akavua viatu akaingia. Direksyo haikulipa franka hata moja kumfundisha. Kiwanja cha nyuma ya kapela ndicho kilimfundisha.

Basi tazameni leo. Wadogo wa darasa la saba walioingia Septemba hawajaona mazoezi ya ekipe hata siku moja. Wanaona kamyoneti inaondoka na kamyoneti inarudi. Wamejifunza kwamba ekipe ni gari. Ndiyo maana walicheka mwezi wa kumi na moja, na tukiwapiga fimbo kwa kucheka tunapiga watu wasio na kosa. Mtoto wa Omdurman aliyekuwa na miaka kumi mwaka 2023, kama wazazi wake hawakuweza kukimbia, alifika miaka kumi na miwili bila kusimama nyuma ya goli la Hilal. Hilal wanaweza kununua mchezaji pahali pengine, wako na mkoba. Sisi tutamnunua wapi mlinzi wa goli wa miaka mitatu ijayo?

Wazazi wetu waliokulia katika makambi ya Union Minière, na baadaye Gécamines, wanasimulia neno hili bila kujua kama ni somo. Musonoi, Kapata, hata Luilu yenyewe, kila kambi ilikuwa na kiwanja chake karibu na manyumba. Mtoto alitumwa chumvi akapita kwenye mazoezi, akasahau chumvi, akapigwa. Katika Lubumbashi, kiwanja cha Mazembe kilichofunguliwa mwaka 2011 kilijengwa Kamalondo, katikati ya watu, hakikupelekwa porini.

Tena kuhama kuko kwa namna mbili, na hapa tunaomba komite ya wazazi isome polepole. Hilal walifukuzwa na risasi. Jina lao hawakuliuza, na kila walipopata nafasi waligeuza uso kwao. Mwezi wa 7 mwaka 2025, vita bado havijaisha, shampiona fupi ya Sudan ilifanyika katika miji ya Atbara na Ed-Damer, kaskazini ambako kulikuwa na utulivu, na Hilal wakarudi nchini wakaicheza na kuishinda. Huko ni kuhama kwa mtu aliyeacha funguo za nyumba mfukoni.

Namna ya pili ni ya mfuko wa mtu. Katika Urusi kulikuwa na ekipe inaitwa Anzhi, ya mji wa Makhachkala. Mwaka 2011 tajiri mmoja aliichukua, akamleta hata Samuel Eto'o wa Kameruni kwa mshahara wa kutisha. Walisema kule kwao hakuna usalama, kwa hiyo wachezaji waliishi na kufanya mazoezi karibu na Moscow, na siku ya mechi walipanda ndege zaidi ya kilomita 1,500 kwenda "nyumbani", wakacheza, wakarudi. Mwaka 2013 tajiri akapunguza pesa, nyota wakauzwa wote katika majuma machache, na mwaka 2014 ekipe ikashuka daraja. Karibu na sisi, Tanzania, Ihefu ilikuwa ekipe ya Mbarali katika mkoa wa Mbeya. Mwaka 2024 ikahamia Singida, na katika mwaka uleule jina nalo likabadilika, ikaitwa Singida Black Stars. Kwa watu wa Singida ilikuwa furaha, hatukatai. Watu wa Mbarali ndio tunawafikiria.

Barua ya mfadhili wetu haina risasi ndani yake. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tuko Hilal. Tulifukuzwa kwenye kiwanja, ni kweli, lakini kutoka mazoezi ya Luilu mpaka kulala Luilu na jina la duka kifuani, hakuna mtu anayetusukuma. Hapo tutakwenda kwa miguu yetu wenyewe, sawa tulivyobeba nguzo.

Mwenzetu mmoja katika mkutano wa makapita, anayependa Biblia kuliko sisi wote, alitukatalia. Alisema Wayahudi walipochukuliwa Babeli, nabii Yeremia aliwaandikia barua wajenge nyumba kule na kupanda bustani, basi na sisi tupande bustani Luilu. Tulikosa jibu usiku mzima. Asubuhi mwingine akafungua barua ile ile, akaonyesha kwamba nabii aliandika pia hesabu ya miaka, na kurudi. Tukamuuliza yule wa kwanza: katika barua ya mfadhili, hesabu ya miaka iko wapi? Akacheka. Bado hajakubali, na tumeahidi kuandika hapa kwamba hajakubali.

Hatusemi mfadhili ni mtu mbaya. Hakuna aliyemlazimisha kutukumbuka, na kiwanja chake ametuachia tangu Septemba bila kuomba kitu. Pia hatusemi ekipe isiende kambi. Yanga na Simba wa Dar es Salaam wamekuwa na desturi ya kuvuka bahari kwenda Pemba na Unguja siku chache kabla ya kukutana, wajifiche kelele za mji. Kambi ya siku tano kabla ya turnwa tunaikubali kwa mikono miwili. Mtu anakwenda kambi na kurudi, na kitanda chake hakipewi mtu mwingine.

Basi tunaomba hivi. Ekipe iendelee kufanya mazoezi Luilu siku mbili, si tatu, na ilale hapa. Siku ya tatu ifanye mazoezi hapa hapa, katika uwanja wa bendera, hata kama hauna nafasi ya mashuti ya mbali. Pasi fupi na mazoezi ya mlinzi wa goli vinaenea pale, tulipima kwa hatua: 48 kwa 31. Wadogo wataona. Mayo na viatu tuvipokee kwa shukrani, jina la shule likae kifuani na la duka mgongoni. Kama mfadhili atakataa kwa ajili ya hilo tu, tutakuwa tumejua alichokuwa ananunua. Nyama, kama anapenda, ailete siku ya mechi, wakule wote walioimba.

Na kuhusu kiwanja chenyewe: tangu mwezi wa saba hakuna barua iliyoandikwa. Tumeuliza kwa adabu na tumejibiwa kwa adabu kwamba itaandikwa. Tunaomba siku ile ya posho komite isitoke mezani kabla ya kuiandika, iulize mambo mawili tu: karatasi ya kufunga kiwanja ilisainiwa na nani, na shule imeahidiwa kiwanja gani mahali pake. Hatujui kama itasaidia. Waya ule umefungwa vizuri, tunaujua kazi yake. Lakini Hilal hawakuacha kuandika "Omdurman" mbele ya jina lao kwa sababu walikuwa Nouakchott.

Kwa wale wa darasa la nane: jina la "bakimbizi" likome leo. Kapita wa dortwari atakayelisikia ataandika jina la mwenye kulisema, na mwenye kulisema atateka maji ya jikoni juma zima. Bwana Prefe ametukubalia.

Siku hii ya posho sisi makapita tutakwenda Luilu kwa mguu pamoja na wadogo wa darasa la saba wanaotaka kuona mazoezi. Tutatoka mlangoni saa moja ya asubuhi, kwa njia ya nyuma, si barabara ya makamyo. Kurudi ni kabla ya saa tisa. Mpaka jana wazazi 19 wamekwisha kutoa ruhusa. Kila mtu alete chupa ya maji na kofia, na anayetaka kuokota mipira nyuma ya goli ampe mwalimu wa mazoezi jina lake mapema, juu nafasi ni nne tu.